Nabii Yusuf wa kwenye simu

Wiki hii tunaanza na jambo lililotokea katika madrasa yetu hapa Itaka, baada ya sala ya Alasiri, jambo ambalo liliikosesha raha kamati nzima ya msikiti kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia.

Ustadhi alikuwa ameanza kuwasimulia watoto kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Hakuwa amefika hata kisimani pale mtoto mmoja wa miaka tisa aliponyoosha kidole na kusema: “Ustadhi, mimi namjua huyo. Nimemwona.” Wenzake wakacheka. Ustadhi akamuuliza amemwona wapi. Akajibu kwamba amemwona kwenye simu ya mjomba wake, kisha akaanza kueleza sura yake, nywele zake na nguo alizovaa, kwa uhakika wa mtu anayemweleza jirani. Wenzake wawili watatu wakaunga mkono: nao wamemwona, naye ni huyo huyo.

Mjomba mwenyewe ni kijana mwema anayefanya kazi za mizigo mpakani Tunduma. Anaporudi nyumbani huja na memori kadi iliyojazwa filamu dukani, na miongoni mwazo ilikuwamo ile filamu ya mfululizo iliyotengenezwa Iran na kutoka mwaka 2008, inayoigiza kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana yule aliamini kwamba anawaletea watoto wa dada yake dini. Hakudhani kwamba anawaletea sura ya mwigizaji, ambayo kuanzia siku ile ndiyo inayopita machoni mwao kila jina la Nabii wa Allah linapotajwa.

Ndugu msomaji anafahamu kwamba wanazuoni wa Ahlus Sunna wamekataza kuigiza na kuchora Mitume, na Al-Azhar ya Misri imekuwa ikiyapinga maigizo ya aina hiyo mara kwa mara. Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Ilikuwa imekaa mbele ya ustadhi juu ya mkeka, ina miaka tisa.

Katika kikao cha kamati kilichofuata jambo hili lilitawala ajenda zote. Sisi ndio tuliokuwa tukiandika muhtasari, na tunakiri kwamba kurasa zile hazisomeki vizuri, kwa kuwa wazungumzaji walikuwa wengi na wote walikuwa na haki. Mzee mmoja, ambaye neno lake huheshimiwa, alitaka itangazwe siku ya Ijumaa kwamba mzazi yeyote asimpe mtoto simu. Mwingine akasema tangazo hilo litaheshimiwa mpaka mlangoni mwa msikiti na si zaidi, kwani simu zimo ndani ya nyumba zetu, na asiyekuwa na simujanja ana jirani mwenye nayo. Na asiyekuwa na jirani huyo kuna kibanda umiza kwa shilingi chache. Ustadhi alikaa kimya muda mrefu. Aliposema, alisema jambo ambalo hatujalisahau: yeye hupata saa moja na nusu kwa siku pamoja na watoto wale, na kisa chake hana cha kukisaidia isipokuwa sauti yake. Aliyetengeneza filamu ana picha, muziki, nguo, majumba na ngamia.

Hapo ndipo tulipoanza kulitazama jambo lenyewe, badala ya kuitazama simu.

Wapo wataalamu wa elimu na habari wanaozungumzia kitu wanachokiita usimulizi wa transmidia. Jina ni zito, maana yake ni nyepesi. Mwanazuoni wa Marekani, Henry Jenkins, aliyelieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2006, anasema kwamba hapo kisa kimoja hugawanywa katika vyombo mbalimbali, na kila chombo hubeba sehemu yake ambayo hakuna chombo kingine kinachoibeba. Kitabu kina lake, redio ina lake, picha ina lake, mchezo una lake. Anayetaka kukipata kisa kizima hupita kote. Hii si sawa na kuurudia mkanda uleule mara nne. Ukimsomea mtoto kitabu kisha ukamwonyesha filamu ya kitabu kilekile, hujafanya transmidia, umerudia tu; na mtoto, ambaye si mjinga, ataacha kitabu na kubaki na filamu.

Yule mzee aliyetaka simu zipigwe marufuku alisikiliza maelezo haya, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu: “Hilo si jipya. Hilo ni Mtu ni Afya.”

Wasomaji vijana huenda hawaijui kampeni hiyo. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa kampeni kubwa ya afya nchi nzima iliyoitwa Mtu ni Afya, na takribani watu milioni 2 walishiriki kupitia vikundi vya kujifunza. Watu walikusanyika mbele ya redio moja na kusikiliza kipindi. Kilipokwisha, kiongozi wa kikundi aliwasomea kijitabu, wakajadiliana mambo ya kijiji chao wenyewe, kisha wakatoka na majembe: wakafyeka nyasi karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Redio haikuchimba choo, wala jembe halikueleza mbu anazaliana wapi; kila kimoja kilifanya kazi yake, na kazi ilikuwa moja. Mzee wetu alikuwa kijana wakati huo, na alituambia kwamba choo alichokichimba baada ya kipindi kile ndicho alichokiacha pale alipohamia nyumba nyingine. Tuliandika katika muhtasari kwamba mzee ameondoa hoja yake. Yeye alitusahihisha: hakuiondoa, ameiweka pembeni kwa muda.

Tukaendelea kuulizia yaliyofanywa na wengine kwa ajili ya watoto. Tanzania ina mifano yake, tena ya kutosha. Wapo wanaokumbuka Kilimani Sesame, ndugu wa kile kipindi cha Marekani kilichoanza mwaka 1969, ambayo iliandaliwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wadogo wa Tanzania na kuwafikia kwa njia tatu: televisheni, redio na vitabu. Watafiti Dina Borzekowski na Jacob Macha walikwenda kuipima Dar es Salaam na Kisarawe na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Watoto walioipokea zaidi walionyesha maendeleo zaidi, si katika herufi na hesabu peke yake, bali hata katika ufahamu wa malaria na katika kuishi na wenzao. Kwetu sisi jambo la kuzingatia ni hili: mtoto asiyekuwa na umeme nyumbani hakuachwa nje, kwani kilichomkosa kwenye runinga alikikuta redioni au kitabuni.

Kisha ikaja Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam, ambalo katuni zake za Ubongo Kids zilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014. Watoto wengi wa Kitanzania wanawajua Kibena, Koba na Kiduchu kuliko wanavyowajua madiwani wao. Kipindi hufundisha hesabu na sayansi kwa kisa na wimbo, na tangu mwanzo mtoto aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida, ile inayoitwa kitochi. Wadogo zaidi wakatengenezewa Akili and Me, habari za msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kazi hizo zikaingia redioni na vitabuni, na zikavuka mipaka ya nchi. Borzekowski alikwenda tena kupima, safari hii Morogoro, na watoto waliotazama Akili and Me kwa wiki chache walikuwa mbele ya wenzao waliotazama vipindi vingine, katika kutambua tarakimu, kuhesabu na kuchora maumbo. Tunayasema haya kwa sababu miongoni mwetu bado wapo wanaodhani kwamba katuni ni upuuzi kwa asili yake. Upuuzi ni katuni ya kipuuzi.

Hata hivyo tulitaka mfano ulio karibu zaidi na mlango wa msikiti, na tukaupata Mombasa na Zanzibar. Katika miaka ya 1980, wazazi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na dhiki tunayoifahamu sisi wa Songwe: mtoto aliyelelewa madrasa peke yake alichelewa shuleni, na aliyepelekwa chekechea za wengine alirudi na nyimbo zisizokuwa zetu. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu mmoja aliyeheshimika, Bi Swafiya Said, alizunguka madrasa za Mombasa akizungumza na wazazi na maimamu, akawafunza kina mama wa mitaa hiyo kuwa walimu. Walichukua visa vya Kiislamu, maadili na dua, wakavichanganya na hesabu na lugha, na vifaa vyao vilikuwa vifuu, visoda, mbegu na vitambaa. Mpango ule ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, uliongezeka mradi wa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze: sauti redioni inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja, wanaruka, wanaimba, wanahesabu mawe waliyoyashika, na mwalimu aliye mbele yao anaongoza. Redio moja, mkeka mmoja, kokoto. Hakuna hapo kitu ambacho Itaka haina.

Lilibaki swali la dini, na hilo hatukulitatua sisi. Tulimwachia ustadhi na sheikh aliyekuja kutoka Vwawa. Walitukumbusha mambo ambayo tulikwishayasoma chuoni bila kuyawekea maanani. Mtume Muhammad (s.a.w.) alichora. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba Mtume alichora umbo la mraba, akapitisha mstari katikati unaotokeza nje ya mraba, na mistari midogo midogo ubavuni mwake, akawaeleza Maswahaba: huyu ni binadamu, huu ni muda wake wa kufa umemzunguka, hii inayotoka nje ni matumaini yake, na hii midogo ni misukosuko. Huo ni mchoro wa kufundishia, na hauna uso wa mtu. Malaika Jibril naye alikuja mbele ya Maswahaba kwa sura ya mtu mgeni, nguo nyeupe mno, hana alama ya safari, akauliza maswali ambayo majibu yake aliyajua, ili waliokaa wasikie na kujifunza. Na Bi Aisha (r.a.) alicheza na wanasesere wake ndani ya nyumba ya Mtume.

Jambo lililotugusa zaidi, hata hivyo, ni mpangilio wa visa katika Qur'an yenyewe. Kisa cha Yusuf (a.s.) kimekaa mahali pamoja, katika sura ya 12, kuanzia ndoto ya utotoni hadi kutimia kwake. Kisa cha Musa (a.s.) hakikuwekwa hivyo. Ukitaka habari za utoto wake na safari ya Madyan utakwenda Al-Qasas. Maongezi yake na Mola wake bondeni yamo Taha. Mja mwema aliyemfuata ili ajifunze utamkuta Al-Kahf. Kupasuka kwa bahari kumo Ash-Shu'araa. Na taabu aliyoipata kwa watu wake ni ndefu katika Al-A'raf. Kila mahali pana sehemu yake, pamoja na somo la mahali hapo. Hatuthubutu kulifananisha neno la Allah na ufundi wa watengeneza vipindi, astaghfirullah. Tunasema tu kwamba Muislamu hana sababu ya kuliona geni wazo la kisa kinachokutana na msikilizaji wake mara nyingi, kila mara kwa upande mwingine.

Basi tukaamua kujaribu, na kwa kuwa jeraha lilikuwa kwa Nabii Yusuf (a.s.), tukaanza naye. Ulikuwa wakati wa mavuno, mwezi wa sita, mahindi yakiingia majumbani.

Kazi ya kwanza ya ustadhi haikuwa kusimulia. Ilikuwa kufungua daftari. Ndani yake aliandika kisa katika safu tatu: yaliyomo ndani ya Qur'an, yaliyothibiti kwa Mtume (s.a.w.), na yale ambayo watu husimulia lakini hatuna ithibati nayo. Safu ya tatu ilijaa haraka kuliko tulivyodhani. Wengi wetu, kwa mfano, tumekua tukimtaja mke wa Al-Aziz kwa jina la Zulaykha, na jina hilo halimo katika Qur'an. Daftari likawa mwamuzi: yeyote atakayeshika kipande cha kisa atakipata kutoka humo. Tunawasihi wenzetu wanaotaka kujaribu jambo kama hili waanze hapo, kwa sababu kisa kikishapita katika midomo sita bila daftari huwa kisa kingine.

Kisha tukagawa. Kuonyesha sura ya Nabii ilikuwa mwiko, hivyo tulitafuta kitu ambacho mtoto angeweza kukiona na kukishika, na ustadhi akakipata: kanzu. Kanzu ya Yusuf imetajwa mara tatu katika kisa. Ya kwanza ina damu ya uongo, ndugu wanaileta kwa baba yao. Ya pili imechanika kwa nyuma, nayo inamtolea ushahidi. Ya tatu inatupwa usoni mwa baba, naye anaona tena. Fundi cherehani aliye jirani na msikiti alitushonea kanzu tatu ndogo kwa mabaki ya vitambaa. Ya kwanza ilipakwa maji ya majani ya chai na rangi nyekundu, ya pili ikachanwa nyuma, ya tatu ikabaki nyeupe.

Kanzu ya kwanza ilikaa kwa bibi mmoja ambaye watoto humwita Bi Mkubwa, naye alipewa huzuni ya Nabii Yaqub (a.s.) na subira yake. Alisimulia jioni jikoni, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyiha, na hakuna ustadhi ambaye angeweza kufanya alichokifanya yeye, kwani aliwahi kuzika watoto. Ya pili ilibaki madrasa: watoto waliketi kama baraza la kadhi, kanzu ikapitishwa mkono kwa mkono, wakaulizwa imechanika wapi na maana yake nini. Walikata shauri wenyewe kabla ya ustadhi kusoma aya.

Sehemu ya njaa tuliwapa akina baba, na hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Katika kisa, Nabii Yusuf (a.s.) anawaelekeza watu walime miaka saba na waache mavuno ndani ya masuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Hapa Mbozi mtoto hahitaji picha ya Misri ili aelewe hayo. Kila baba alitakiwa ampeleke mwanawe mahali mahindi yanapohifadhiwa, amwonyeshe mbegu, chakula na cha kuuza, amwonyeshe dumuzi anavyofanya kazi yake ndani ya punje, amweleze kwa nini wazee walitundika mahindi na maganda yake juu ya moshi wa jikoni, kisha amuulize: kama hizi gunia zingetakiwa kutulisha miaka saba, tungekula ngapi mwaka huu? Watoto walirudi madrasa na majibu kwenye vipande vya karatasi. Baadhi ya majibu yaliwaaibisha baba zao, kwa kuwa yalionyesha kwamba gunia zilikwisha kuuzwa kabla hata hazijakauka vizuri. Baba mmoja alitujia kulalamika kwamba madrasa imegeuka ofisi ya ukaguzi. Tulimwomba radhi, lakini karatasi ya mtoto wake hatukuirudisha.

Na simu? Simu ilipewa kazi ya sauti. Ustadhi alirekodi kisomo chake cha aya za kila sehemu na maelezo mafupi, na mwisho wa kila rekodi swali moja ambalo jibu lake halimo katika rekodi, bali limo kwa Bi Mkubwa au ghalani kwa baba. Tulizituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na wenye vitochi vyenye nafasi ya memori kadi wakawekewa humo. Hapa tulikosea vibaya mara ya kwanza. Rekodi ya kwanza ilikuwa ya dakika ishirini na tatu, na ustadhi aliifungua kwa utangulizi wa Kiarabu mrefu kama wa khutba. Wengi hawakuifungua, wengine walisema imewala bando, na mama mmoja alituambia kwa adabu kwamba watoto walilala kabla ya kisa kuanza. Zilizofuata zilikuwa za dakika nne. Hizo zilisikilizwa mpaka na madereva wa bodaboda kijiweni, ambao hatukuwakusudia.

Mchoro nao ulikuwapo. Watoto walichora kisima, ndoo, masuke saba mabichi na saba makavu, ng'ombe wanono na waliokonda. Ng'ombe walizusha mjadala mwingine katika kamati, kwa kuwa wapo wanazuoni wasioruhusu kuchora chochote chenye roho, na wapo wanaoruhusu kwa ajili ya kufundishia watoto, wakitegemea hadithi ya wanasesere. Hatukuutatua mjadala huo. Watoto ambao wazazi wao hawakuridhia walichora masuke, na karatasi zikabandikwa pamoja ukutani.

Ipo lawama moja ambayo tunaikubali. Kazi hii ililemea wanawake. Bi Mkubwa alikuwa na watoto jikoni mwake jioni nyingi kuliko tulivyopatana, na kina mama ndio waliokumbusha, waliofua kanzu na waliokaa na watoto kusikiliza simu. Akina baba waliopeleka watoto ghalani hawakufika nusu yao. Tuliliweka katika taarifa yetu kwa kamati kwa maneno haya haya, na halikupendwa.

Mnamo mwisho wa wiki ya nane ustadhi aliwauliza watoto mmoja mmoja wasimulie sehemu waipendayo. Wengi walisimulia vizuri, na kwa mara ya kwanza tulisikia mtoto wa Itaka akimsahihisha mwenzake kwa kusema, “Hilo halimo kwenye daftari.” Zamu ilipofika kwa yule mtoto wa miaka tisa, alisimulia baraza la kanzu iliyochanika bila kukosea. Ustadhi akamuuliza kama bado anamwona mtu wa kwenye simu. Mtoto akainama, kisha akasema kweli: “Bado namwona, ustadhi. Najua siye, lakini namwona.”

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulichoweza kufanya ni kuhesabu ni wangapi katika madrasa yetu ambao hawajaitazama filamu ile, nao ni wadogo, wa miaka mitatu hadi sita, na kupanga kwamba hao waanze na Nabii Nuhu (a.s.) kabla ya memori kadi kuwafikia. Mjomba wa Tunduma tulizungumza naye. Alisikitika sana, na sasa ndiye anayetuletea kalamu za rangi.

Miongoni mwa hao wadogo yumo dada yake yule mtoto, mwenye miaka minne, aliyekuwa akija kukaa pembeni tu. Kanzu ya tatu, ile nyeupe, ilipofika zamu ya kwenda nyumbani kwao, aliichukua na kwenda nayo moja kwa moja hadi kwa babu yake, ambaye jicho lake moja limefunikwa na mtoto wa jicho na la pili linaelekea huko. Babu alikuwa amekaa nje barazani. Binti akamwekea kanzu usoni, akaishikilia kidogo kwa mikono miwili, kisha akaiondoa na kumuuliza: “Babu, unaniona?”

Babu alimjibu kwamba anamwona. Siku ya pili alimtuma kijana wake kwetu atuulize ni lini madaktari wa macho watakuja tena hospitali ya wilaya, na ustadhi alifungua daftari na kuandika, chini ya safu ya kwanza, kwamba miujiza ni ya Mitume na watoto waelezwe hivyo kabla kanzu haijatoka madrasa.

Wabillahi tawfiq.